Kutunza Maua ya Vuli Wakati wa Ukavu: Mwongozo kwa Wanaoishi Ughaibuni

Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki, vuli ni mvua. Ni zile mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba zinazolainisha udongo na kuotesha kila kilichopandwa, na ndiyo maana neno hilo humpotosha anapolikuta ughaibuni likitumika kwa majira yanayofuata majira ya joto na kutangulia ya baridi. Majira hayo huangukia Septemba hadi Novemba katika nusu ya kaskazini ya dunia, na Machi hadi Mei katika nusu ya kusini, wala hayaahidi mvua. Wiki mbili au tatu zinaweza kupita anga likiwa safi, mchana wenye jua la upole na usiku wenye baridi, huku dalia, krizanthemu na asta zikiendelea kuchanua juu ya udongo uliokauka. Wengi hudhani msimu umekwisha, wakakunja mpira wa maji na kuiacha bustani ijifie. Wanaharakisha, kwa sababu ukavu wa vuli ni mwepesi kuukabili kuliko ule wa majira ya joto, na kinachokatisha maua haya kwa kawaida si kiu bali jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande na maji yaliyo katika mimea.

Ili kuelewa kwa nini mimea hii huchanua wakati mingine inajiandaa kulala, yafaa kuacha mazoea ya ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima na mkulima huangalia mvua tu. Mbali na ikweta urefu wa usiku hubadilika sana, na mimea mingi huufuata kama kalenda. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba aina fulani ya tumbaku, iliyokuwa ikirefuka tu bila kuchanua, ilitoa maua ilipopewa siku fupi. Krizanthemu, ambayo ni jamaa ya pareto, hufuata kanuni hiyohiyo: usiku ukirefuka hutunga matumba, na kama taa ya usalama inaimulika usiku kucha, inaweza kuchelewa kuchanua au kukataa kabisa hata ikimwagiliwa vizuri. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu udongo, tazama taa ya ukutani.

Ukavu wenyewe una manufaa yake. Mvua za mfululizo huyajaza maji maua mazito ya dalia na krizanthemu mpaka yakainama, kisha petali zikashikwa na ukungu wa kijivu. Hewa kavu huyaepusha na hayo, na ubaridi wa usiku hulifanya ua lililokwisha kufunguka lidumu siku nyingi kuliko ambavyo lingedumu kwenye joto. Kazi ya mtunza bustani ni kuacha sehemu ya juu ya mmea ibaki kavu huku akihakikisha mizizi haikaukiwi.

Kipimo kinachotumiwa na wengi katika majira ya joto ni milimita 25 za maji kwa wiki, ambazo ni sawa na lita 25 kwa kila mita moja ya mraba. Katika vuli jua limeshuka na mvukizo umepungua, hivyo mara nyingi kiasi kidogo kuliko hicho kinatosha. Kwa maoni yangu ratiba haifai hapa. Chimba kwa koleo dogo la mkono hadi sentimita 10: ukikuta udongo una unyevu na unashikamana, ahirisha, ukikuta vumbi, mwagilia. Fanya hivyo asubuhi, chini kwenye shina, polepole, mpaka maji yazame sentimita 15 hadi 20, kwani kunyunyiza kidogo kila siku hulowesha uso wa udongo tu na kuizoeza mizizi kukaa juu, mahali panapokauka kwanza. Kumwagilia jioni huacha majani yakilala yameloa, na ukungu hupenda hali hiyo. Mmea unaonyong'onyea saa nane mchana kisha ukasimama jioni hauna tatizo. Ule unaokutwa umelegea alfajiri ndio wenye kiu. Mahali ambapo mamlaka imezuia matumizi ya mpira kwa sababu ya ukame, soma tangazo lenyewe, kwa maana masharti hutofautiana, na utegemee kopo la kumwagilia na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa.

Vyungu vina hesabu yake, na hapa ndipo maua mengi hupotea. Udongo wa chungu ukikauka kabisa hunywea, ukaachana na kuta za chungu na kuyakataa maji: unamwagilia, maji yanapita pembeni na kutokea chini, nawe unaridhika ilhali fundo la mizizi limebaki kavu katikati. Dawa yake ni kukizamisha chungu katika ndoo ya maji mpaka mapovu yakome kutoka, kisha kukiacha kichuje. Krizanthemu zinazouzwa zikiwa zimechanua tayari ndizo zinazoathirika zaidi, kwa sababu mizizi yake huwa imekijaza chungu kizima na hakuna udongo wa kutosha kuhifadhi maji. Wenye nazo huzitupa wakidhani zimezeeka, kumbe nyingi zimekufa kwa kiu.

Katika matuta, matandazo husaidia kuliko kuongeza maji, na vuli huyaleta bila gharama kwa njia ya majani yanayopukutika. Yakatekate, kisha tandaza tabaka la sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka mashina ili yasioze. Mwagilia kwanza ndipo utandaze, la sivyo utakuwa umeuhifadhi ukavu.

Si mimea yote inayostahili huruma sawa. Sedamu huweka akiba ya maji katika majani yake manene, na ukiinywesha kupita kiasi mashina hulegea na kulala. Kosmosi, zinia na marigoldi, ambazo asili yake ni Meksiko na maeneo jirani, huvumilia ukavu zikishashika mizizi. Dalia nayo imetoka huko, lakini kwenye milima, nayo haina uvumilivu huo. Ikikosa maji hutoa maua madogo na matumba yake hukauka kabla ya kufunguka. Asta ni ya kuangaliwa kwa namna nyingine, kwa kuwa mizizi yake ikikauka majani hupata ubwiri unga, ule weupe unaofanana na vumbi la chokaa, na wengi hukimbilia dawa ya kupulizia wakati palipohitajika maji kwenye shina na hewa kati ya mimea. Ukiona majani yana vitone vya njano na utando mwembamba upande wa chini, huyo ni utitiri mwekundu, anayestawi penye joto na ukavu; mwoshe kwa maji asubuhi.

Ondoa maua yaliyofifia kila baada ya siku mbili au tatu, kwani mmea ukianza kutunza mbegu hupunguza kutoa maua. Kwenye dalia watu hukosea hapa, wakakata matumba na kuacha maua yaliyokwisha: tumba ni la mviringo, ilhali ua lililomwaga petali zake huchongoka mfano wa pia ya kuchezea. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iache sasa, maana huchochea majani laini ambayo jalidi huyaua kwanza.

Jalidi huja zaidi usiku usio na mawingu wala upepo, na siku kavu za vuli huleta usiku wa namna hiyo. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku vizuri kuliko udongo mkavu, kwa hiyo utabiri ukikaribia nyuzi 0 za Selsiasi, mwagilia mchana, kisha jioni funika mimea kwa shuka kuukuu linalofika chini, na ulifunue jua likipanda. Usiku mmoja wa jalidi unaweza kufuatwa na siku nyingi za jua, na bustani iliyofunikwa usiku huo huendelea kuchanua.

Majani ya dalia yakishageuka meusi, kata mashina yabaki sentimita 10 hadi 15, chimbua viazi vyake kwa uma wa bustani bila kuvichubua, vipanguse udongo na uviache vikauke siku chache mashina yakielekea chini. Vihifadhi ndani ya mchanga mkavu au vumbi la mbao, mahali pasipoganda, penye nyuzi 4 hadi 10. Andika rangi ya kila kimoja kabla ya kukifukia, kwa sababu kiazi cha dalia nyekundu na cha nyeupe havitofautiani kwa macho.