Uji wa mgonjwa wa ICU: pima kilichomo, usipime chupa

Mama mmoja alikuwa anafika kwetu ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kila siku saa 12 asubuhi na chupa mbili za uji. Mwanawe, dereva wa bodaboda, aliumia kichwa na alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. "Sista, jana alimaliza?" Alimaliza, mama. Na ni kweli, lita 2 kwa siku zilipita kwenye mrija wa puani, nasi tukaandika kwenye chati. Wiki ya tatu, nilipomgeuza kumsafisha mgongo, mabega yalikuwa mifupa mitupu na kidonda kimeshaanza juu ya makalio.

Nikamwomba mama anieleze anavyopika. Unga gramu 50 hivi kwa lita, sukari vijiko viwili vikubwa. Nikapiga hesabu: lita moja ya uji ule ina kalori kama 280 na protini gramu 4. Lita 2 ni kalori 560, protini gramu 8. Mgonjwa mahututi wa kilo 60 anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, yaani zisizopungua 1,500 kwa siku, na protini angalau gramu 1.2 kwa kilo, yaani 72. Tulikuwa tunamlaza njaa, na chupa imejaa. Nina miaka 14 ICU na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo wauguzi wenzangu, na ninyi ndugu mnaopika, tufanye hivi.

Tuanze mapema. Presha ikishatulia, chakula kianze ndani ya saa 24 hadi 48, na kama tumbo linafanya kazi kipite tumboni. Kianze kidogo kidogo, kifikie kiwango kamili baada ya siku kadhaa. Aliyekaa siku tano au zaidi bila kula, au aliyekonda sana, aanze na kalori 10 tu kwa kilo, apewe vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza, na damu ipimwe kila siku. Ukimshindilia, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu hushuka ghafla na moyo unaweza kusimama.

Yapo maziwa maalumu ya kulishia, mengi yana kalori 1 kwa kila mililita. Yakipatikana, tumia hayo. Yasipopatikana, hiki ndicho ninachowafundisha ndugu kwa mgonjwa wa kilo 60, daktari au mtaalamu wa lishe akisharidhia, maana mwenye figo mbovu au kisukari ana hesabu yake:

Unga gramu 100, maziwa ya unga yenye mafuta gramu 200, mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa, mayai mawili yaliyochemshwa yakakauka. Pika uji uive kabisa. Saga mayai kwenye blenda pamoja na maziwa yaliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa, changanya na uji na mafuta, chuja kwa kichujio chenye matundu madogo, kisha ongeza maji yaliyochemshwa hadi lita moja na nusu. Hapo una kalori kama 1,600 na protini gramu 72.

Kama uji ni mzito, usikimbilie maji. Ukipoa kidogo, kabla hujatia maziwa, koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi. Uji utalegea mbele ya macho yako bila kupoteza kalori hata moja. Uchemshe tena, ndipo uendelee.

Gawa mililita 250 mara sita: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 jioni, saa 3 usiku. Kinachosubiri kikae kwenye friji, kisizidi siku moja. Chupa ya chai inakitunza katika uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda. Kikikaa nje ya friji saa mbili, mwaga.

Mrija ukiwekwa mara ya kwanza, eksirei ithibitishe. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kunadanganya, mlio unasikika hata mrija ukiwa kwenye pafu. Weka alama ya kalamu pale unapotokea puani na uitazame kabla ya kila mlo. Kichwa cha kitanda kiinuke nyuzi 30 hadi 45, na kibaki hivyo angalau nusu saa baada ya mlo. Mimina kwenye bomba la sindano la mililita 50 lisilo na kisukumio, kishuke chenyewe kwa dakika 20 hivi. Usisukume. Suuza mrija kwa maji mililita 30 kabla na baada. Dawa zisagwe moja moja na zipite na maji, zisitiwe kwenye uji.

Ukivuta mabaki ya chakula tumboni kupitia mrija ukakuta mililita 150, usisimamishe chakula kwa hilo peke yake. Miongozo ya sasa inasema tusubiri hadi zizidi 500 ndani ya saa sita. Akitapika au tumbo likivimba na kuwa gumu, simamisha na uite daktari.

Na kwenye chati andika kilichoingia, si kilichopangwa. Akienda kwenye kipimo cha CT akakosa milo miwili kati ya sita, andika mililita 1,000, ili zamu ya usiku ione deni na imuulize daktari namna ya kulilipa.