Kompyuta yako ya zamani bado inafaa, ila izibe milango kwanza

Wadau habari zenu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na mashine ninazoletewa nyingi ni mtumba, zile desktopu za Dell na HP zilizomaliza kazi maofisini huko Ulaya. Mtu akifika tu neno la kwanza ni "fundi niwekee antivirusi kali". Mi nasema antivirusi iwe ya mwisho, maana virusi wengi ninaowakuta wamefunguliwa na mwenye kompyuta mwenyewe, kwa flashi iliyotoka steshenari au kwa kile kiprogramu cha kukraki Windows, yaani kuifungua bila leseni.

Hatua ya kwanza, jua una Windows gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga enta. Ikiwa ni 7 basi apdeti ziliisha Januari 2020, 8.1 ziliisha Januari 2023, na 10 nayo imefungwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ila 10 imeongezewa mwaka mmoja wa apdeti za usalama, hakikisha ni toleo la 22H2 halafu ingia Settings, Update & Security, Windows Update, ukiona Enroll now jiunge. Windows 11 usiumize kichwa, inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama) na prosesa ambazo hizi mashine zetu nyingi hazina, na wanaokulazimishia iingie ndo haohao utawatafuta tena baadae.

Hatua ya pili, kopi vitu vyako kwenye diski ya nje, picha, vyeti, kazi za shule, halafu CHOMOA. Watu wanaiacha imechomekwa mwezi mzima, sasa ikija virusi ya kufunga mafaili na kudai hela inafunga huku na huku. WannaCry ya Mei 2017 ilikuwa hivyo, ilipita kwenye SMB1, njia ya kizamani ya kushea mafaili, na kiraka chake kilishatoka Machi mwaka huohuo, watu tu hawakuapdeti. Kwenye Windows 10 tafuta Turn Windows features on or off, shuka mpaka SMB 1.0/CIFS, kama ina tiki itoe, ristati.

Hatua ya tatu ni saa, na hapa wengi wananicheka. Kama kila umeme ukikatika kompyuta inarudi mwaka 2009, betri ya ubao mkuu imekufa. Tarehe ikiwa mbovu saiti zinagoma, brauza inasema cheti si salama, na mtu anazoea kubonyeza endelea, endelea, endelea. Siku ukipelekwa kwenye saiti feki ya benki utapita vilevile. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, utaona kidude cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032, sukuma kiklipu pembeni kinaruka chenyewe. Kwa hii hewa ya chumvi ya huku pwani usishangae kiklipu kina kutu, kifute na kitambaa kikavu. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha juu, washa, ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, urekebishe tarehe.

Hatua ya nne, kama Windows yako imekrakiwa, mi sikufichi, piga upya kabisa kutoka kwenye faili la Microsoft wenyewe. Programu inayokuambia uzime antivirusi kabla hujaifungua inakuomba uondoe mlinzi getini, na baada ya hapo hujui imeacha nini ndani. Windows 10 isiyo na leseni inafanya kazi, itakusumbua na maandishi pembeni ya skrini na hutabadilisha picha ya nyuma, basi. Bora hayo maandishi.

Hatua ya tano, tengeneza akaunti mbili. Moja ya Administrator yenye paswedi, hiyo uingie siku ya kuinstoli kitu tu. Nyingine Standard, ndo ya kila siku, na watoto wao waitumie hiyo. Kikitokea kiboksi kinaomba paswedi ya admin wakati wewe unaangalia mpira tu, gonga No.

Sasa flashi. Ukitoka kuprinti steshenari ukikuta mafolda yamegeuka shotkati, usiifungue hata moja, mafaili yako yapo ila yamefichwa. Fungua CMD, kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha gonga enta, yatarudi, kopi unayotaka, halafu formati. AutoPlay izime kule Settings, Devices. Na ukifungua folda lolote nenda View, weka tiki File name extensions, maana bila hiyo faili la "Tangazo la kazi.pdf.exe" wewe unaliona "Tangazo la kazi.pdf" na kipicha cha PDF juu yake, unaligonga mwenyewe.

Brauza, weka Firefox na kile kiongezi chake cha kuzuia matangazo, uBlock Origin, matangazo yenye vitufe feki vya kudaunlodi yanapotea na bando linapumua. Antivirusi sasa, kwenye 10 ile Defender iliyomo inatosha, usinunue kitu.

Mwenye Windows 7 nakushauri uhamie Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, chukua ile nyepesi ya Xfce. Ramu GB 4 inakimbia vizuri, ISO, yaani faili lake la kuinstoli, ni karibu GB 3 kwahiyo daunlodi na bando la usiku, choma kwenye flashi kwa kiprogramu cha Rufus, uiwashe kutoka kwenye flashi uijaribu bila kugusa diski. Angalia sauti, waifai, printa. Printa ndo itakayokutesa, hasa hizi za bei rahisi, kwahiyo ijaribu kabla hujafuta chochote. Ukihama nenda Update Manager, washa na Firewall, imo tayari.

Mwisho rauta, kama unayo. Badilisha ile admin/admin ya kuingilia kwenye mipangilio yake, zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kitufe au PIN), weka ulinzi wa WPA2 na paswedi mpya ya waifai, na majirani waliozoea watakuja kugonga mlango wenyewe.