Kubadilisha sili za shafti ya propela, Yamaha 15

Ukifungua skrubu ya chini ya giaboksi oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa basi maji yameshaingia, na mara nyingi yamepitia kwenye sili za shafti ya propela, zile pete za mpira zinazozuia maji yasiingie. Hapa naongelea mashine ya boti, Yamaha 15 ya tustroku, maana ndo ninayoishika kila siku, Yamaha 9.9 nayo ni hivyohivyo.

Kwanza chomoa waya zote mbili za plagi, usiruke hii, propela ikizungushwa gia ikiwa imeingia mashine inaweza kupiga na vidole vyako viko hapohapo. Toa pini, nati, washa, spesa, vua propela, vyote vipange chini kwa mstari kama vilivyotoka.

Sasa chungulia nyuma ya propela ndo utamkuta mchawi mwenyewe, mshipi. Nailoni ikijiviringa pale inapata moto, inayeyuka inakuwa pete ngumu na inakula mdomo wa sili kidogokidogo. Juzi nimetoa bonge kama kidole gumba, mwenye boti anashangaa eti hajawahi kupita juu ya nyavu. Kata kwa kisu taratibu usije ukaichora shafti.

Mwaga oili kwa kufungua skrubu ya chini na ya juu. Kifuniko cha beringi kimeshikwa na bolti 2, na kwa chumvi yetu hii usitegemee zitatoka kirahisi. Usilazimishe, ikikatikia ndani umejitafutia kazi ya siku mbili. Ipulizie dawa ya kutu, iache ilale, kesho yake futa vizuri ndo upashe moto kidogo, kisha spana mbele nyuma mbele nyuma mpaka ilegee. Bolti zikitoka gonga masikio ya kifuniko kwa nyundo ya mpira kizunguke, vuta, shafti inakuja nacho pamoja. Mbele ya shafti kuna kipini kidogo kinachochomoka chenyewe, kwa hiyo usifanyie kazi hii mchangani!

Sili zipo 2. Kabla hujazitoa piga picha uone kila moja imeangalia wapi, upande wenye springi ndo unaozuia. Zisukume kwa nyuma, ukitumia bisibisi usikwaruze nyumba yake. Vipimo vimeandikwa kwenye sili yenyewe, cha ndani, cha nje na unene, nenda navyo duka la beringi. Nunua na oringi (pete nyembamba ya mpira) mpya ya kifuniko, ya zamani ishajibana.

Kabla ya kupachika pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja wiki hiyohiyo, na hapa ndo watu wengi wanabadilisha sili mara 3 halafu wanalaumu duka. Mfereji mdogo unaweza kuukwepa kwa kuiweka sili ndani kidogo au nje kidogo ili mdomo ukae sehemu mpya, mkubwa hauna dawa, tafuta shafti nyingine.

Ingiza sili kwa soketi inayolingana na ukingo wa nje, gonga polepole iende sawa, jaza grisi isiyoondolewa na maji katikati ya sili mbili na kwenye midomo. Rudisha kifuniko, bolti zipake grisi mtakuja kunishukuru.

Jaza oili ya gia SAE 90 kwa mpira kupitia tundu la CHINI mpaka itokeze juu bila mapovu, funga ya juu kwanza ndo uchomoe mpira ufunge ya chini, na washa zake ziwe mpya. Kama una pampu yenye geji, kabla ya kujaza oili pampu hewa ndani ya giaboksi isizidi baa 1, uzamishe giaboksi kwenye ndoo ya maji, mapovu yakitoka utajua ni wapi. Propela ifunge na pini mpya.

Baada ya safari ya kwanza legeza skrubu ya chini kidogo uone tone. Likiwa jeupe tena na sili za propela ziko salama, panda juu kwenye sili za shafti ndefu, ile inayoshuka kutoka kwenye mashine, chini ya pampu ya maji.