Kupanga nyimbo bora za wakati wote, Mbeya

Tafuta wapiga kura 15 hadi 20. Wasiwe vijana wa Mwanjelwa watupu. Changanya na wazee wa Tukuyu waliocheza dansi, wanakwaya na madijei. Kila mmoja aandike nyimbo 10 peke yake, bila kunong'onezana. Wimbo wa kwanza upate pointi 10, wa kumi pointi 1, kisha jumlisha. Nyimbo zikilingana pointi, utangulie uliotajwa na watu wengi zaidi.

Kinachoharibu orodha ni wimbo wa mwezi huu: bado uko masikioni, kila mtu anauandika. Weka sharti kila wimbo uwe umetoka angalau miaka 5 iliyopita. Uliorekodiwa upya na msanii yuleyule uhesabiwe mmoja, la sivyo kura zitagawanyika. Kura za simu? Hizo hupima nani ana vocha nyingi.