Somo: Mtwara hadi Lindi kwa baiskeli, kusi ikiwa mgongoni

Wengi mmeniuliza njia ipi ya kuanzia, na jibu langu ni lile lile: toka Mtwara, malizia Lindi, wala usiigeuze. Umbali hauna tofauti, ni zaidi kidogo ya kilomita 100, utokee Mtwara au Lindi. Tofauti ni upepo. Tangu mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa, pwani yetu iko mikononi mwa kusi, na kusi inavuma kutoka kusini mashariki. Lindi iko kaskazini magharibi ya Mtwara. Wenye majahazi walilijua hili kabla baiskeli haijafika huku: walisubiri kusi ili waende juu, wakasubiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, ili washuke.

Mimi nililijua kwa miguu. Safari yangu ya kwanza nilitoka Lindi mwezi wa saba nikielekea Mtwara. Nilipigana na upepo wa mbisho siku nzima, na jua likazama bado niko njiani. Mikindani, mji niliokuwa nautamani tangu asubuhi, niliupita gizani bila kuona hata mlango mmoja wa nakshi. Iliniuma sana. Ndiyo maana nawaandikia.

Hatua ya kwanza: baiskeli na mzigo

Baiskeli ya mbio ni nzuri lakini si lazima. Yenye gia, breki zinazokamata na tairi ya unene wa kati inatosha. Mpelekee fundi wiki moja kabla, si jana yake. Mwambie akaze spoku, anyooshe rimu, aangalie beringi za magurudumu na aipake cheni mafuta. Halafu itembeze kilomita kumi na tano, ishirini, ili kinacholegea kilegee ukiwa mjini.

Beba tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, spana za nati zako na vyuma vya kubandulia tairi. Mafundi wetu wanatumia mipini ya vijiko, na inafanya kazi vizuri. Maji lita tatu kwa mtu mmoja. Kofia ngumu, na taa nyekundu nyuma hata kama hukusudii kuendesha usiku.

Hatua ya pili: jioni ya kwanza, nenda ukalale Mikindani

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka kwenda moja kwa moja. Toka Mtwara mjini saa tisa alasiri. Anzia karibu na bandari, maana historia ya barabara hii inaanzia pale. Bandari hii yenye kina kirefu ni mtoto wa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufungwa 1951. Ilijengwa pamoja na reli ya kwenda Nachingwea ili kusafirisha karanga ambazo hazikupatikana. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ikabaki, na leo inasafirisha korosho zetu.

Kutoka hapo hadi Mikindani ni kama kilomita kumi tu za lami. Ukikaribia, barabara inashuka na ghuba inafunguka mbele yako, duara karibu kamili, mikoko pembeni na mitumbwi imelala kwenye tope kama maji yametoka. Punguza mwendo hapa. Kwanza kwa usalama, maana watoto wanavuka. Pili kwa sababu macho yako hayatakuwa barabarani.

Funga baiskeli, tembea. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu ya kilima, jeupe. Baadaye lilikarabatiwa likawa hoteli. Chini yake kuna jengo linaloitwa soko la zamani la watumwa, na vichochoro vyenye nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine zimesimama, nyingine mizizi imekwisha kuzishika. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha mlango wa mtu. Ni nyumba, watu wanaishi humo.

Utaonyeshwa pia nyumba ya Livingstone. Ni kweli alianzia pande hizi mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara. Lakini mimi nikisimama pale huwakumbuka zaidi Chuma na Susi, waliokuwa naye tangu mwanzo wa safari ile. Alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bagamoyo. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyekombolewa utumwani. Njia za misafara iliyowaleta watu wa Nyasa wamefungwa minyororo ziliishia kwenye bandari kama hii. Ukijua hivyo, kile kichochoro cha sokoni hutakipita ukipiga soga.

Kula samaki jioni, lala mapema.

Hatua ya tatu: Mikindani hadi Mnazi Mmoja

Katikati ya mwaka jua letu linachelewa. Huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Anza kukanyaga mara tu unapoiona barabara vizuri. Chai na vitumbua kwanza, usiondoke na tumbo tupu.

Ukitoka usawa wa bahari unaanza kupanda. Usishindane na kilima cha kwanza. Tumia gia nyepesi, kaa kitini, acha pumzi ikae sawa. Baada ya hapo ni vilima vya kupanda na kushuka, mikorosho kulia na kushoto. Mpaka kiwanda cha saruji cha Msijute ndiyo sehemu ya kuwa makini zaidi, na hata baada yake utakutana na malori ya makaa ya mawe yanayoteremka bandarini. Kaa kushoto, endesheni mmoja nyuma ya mwenzake, na ukisikia lori nyuma huku jingine linakuja mbele, toka kabisa kwenye lami. Usingoje honi. Sekunde kumi ulizopoteza utazirudisha kwenye mteremko.

Pumzika Mpapura au kijiji chochote chenye kivuli na watu. Salimia kwanza, kisha ulizia maji. Ukikuta ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini, nunua. Hakuna chakula cha dukani kinachokaa tumboni kama ming'oko na chumvi kidogo.

Ikifika saa nne au tano utaisikia kusi imeamka. Huisikii masikioni, unaisikia kwenye pedali: baiskeli inakwenda na wewe hukanyagi sana. Hapo ndipo utakapofurahi kwamba hukuigeuza safari.

Mnazi Mmoja ni njia panda ya Masasi. Kula chakula cha mchana hapa, pumzika saa nzima, kagua upepo wa tairi.

Hatua ya nne: hadi Lindi

Zimebaki kilomita ishirini na kitu. Unapita Mingoyo, unaingia bonde la mto Lukuledi, na hewa inageuka, inakuwa na chumvi tena. Mwisho ni ghuba ya Lindi, na ng'ambo yake Kitunda. Usikimbilie nyumba ya wageni. Nenda kwanza ufukweni ukiwa na jasho lako.

Kwenye maji yale yalipita mabaki ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, kutoka kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha uchimbaji kule bara, na wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wetu. Mmoja wa wasimamizi wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa porini, mpaka bandari ya Lindi. Mifupa hiyo ndiyo iliyotoa yule mnyama anayesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Wewe umefika Lindi kwa magurudumu na upepo mgongoni. Wao walifika na mawe kichwani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kaka. Niko Nachingwea. Baiskeli yangu ni Phoenix isiyo na gia. Nitaweza?*

Marahaba. Utaweza. Vilima hivyo hivyo nimeona Phoenix zikivipanda na magunia ya mkaa. Ila gawa safari: lala Mikindani kama nilivyosema, na kwenye kilima kikali shuka usukume. Kusukuma si kushindwa. Hakikisha breki za vyuma zinakamata, kwa sababu tabu ya Phoenix ni kushuka, si kupanda.

*Kaka, mimi ni dada wa Ligula, navaa hijabu. Wenzangu wananiambia njia hii si ya wanawake.*

Dada yangu, njia ni yako. Tumeshaendesha na akina dada watatu na mmoja wao alitutangulia Lindi. Suruali pana ibane kifundoni kwa mpira, vazi la juu lisivuke magoti, na ncha za mtandio zichomeke ndani, maana upepo wa mgongoni unazileta usoni. Weka kikinga cheni. Endesheni wawili au zaidi, na mjulishe mtu wa nyumbani kila mnapopumzika.

*Mimi likizo yangu ni Desemba. Nifanyeje?*

Geuza safari, toka Lindi uje Mtwara, kwa sababu wakati huo ni kaskazi. Lakini ujue joto ni kali na mvua za kwetu zinakuwa zimeanza au ziko njiani. Lami ikilowa mara ya kwanza inateleza kama sabuni. Nakushauri uendeshe Mtwara na Mikindani tu, kwenda na kurudi, asubuhi.

*Naweza kufika Msimbati na tairi nyembamba?*

Hapana. Upande ule ni nchi ya mchanga, tairi nyembamba inazama na utaibeba baiskeli begani. Chukua tairi nene au panda gari. Fukwe ni nzuri mno na ziko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, kwa hiyo ulizia taratibu za kuingia kabla hujatoka.

*Kwa nini hujaiweka Kilwa? Magofu makubwa yako kule.*

Ni kweli, na inastahili somo lake. Kutoka Lindi ni zaidi ya kilomita 150, na vijiji vimeachana. Kwa anayeanza naona ni hatari. Nenda Kilwa Masoko kwa basi, kisha endesha hadi Kilwa Kivinje, karibu kilomita 30. Kivinje utaona boma na nyumba za wafanyabiashara zinazobomoka, na mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo wapiganaji wa Maji Maji walinyongwa. Shuka kwenye baiskeli hapo, uvue kofia.

Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe, utakwenda kwa mashua. Acha baiskeli Masoko na uchukue kibali huko huko. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vinahitaji nusu siku. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na UNESCO iliuweka mji ule pamoja na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981.

*Baiskeli inarudije Mtwara?*

Kwa basi. Fika stendi ya Lindi mapema, elewana bei ya mzigo kabla ya kukata tiketi. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani, funga cheni na gunia ili isichafue mizigo ya watu. Simama mwenyewe pale buti inapopakiwa. Yangu iliwahi kulaliwa na magunia ya mchele nikiwa nimeshakaa kitini, na rimu haikunyooka tena. Halafu kaa dirishani upande wa kushoto. Baada ya Mingoyo utaanza kuvihesabu vilima vyako.