Omaha ya poti limiti: kupandisha dau tena kabla ya flopu

Omaha ya poti limiti ni poka ya karata nne mkononi, ambapo dau kubwa kabisa hupimwa kwa poti, yaani pesa zilizo katikati. Kwenye meza ya ana kwa ana (si mtandaoni), usipandishe dau tena juu ya mtu aliyekwisha pandisha ukitumaini wenzako watatupa karata. Hawatupi. Mtu aliyekwisha weka dola 20 na ana karata nne mkononi atafuata hadi 67 ili aione flopu, zile karata tatu za kwanza za pamoja zinazofunuliwa mezani. Kupandisha tena kuna kazi nyingine: kupunguza wachezaji kidogo, kukuachia wewe kusema mwisho (kuamua baada ya wengine), na kupanga ni pesa ngapi zitabaki mbele yenu zikilinganishwa na poti.

Hesabu kwanza. Kiwango cha juu unachoruhusiwa ni dau la mwisho mara 3, jumlisha pesa nyingine zote zilizo katikati isipokuwa zako. Tuseme blaindi, yaani madau mawili ya lazima, ni dola 2 na 5, na mtu amefungua (amepandisha wa kwanza) kwa 20. Ukiwa kiti cha mwisho, unaweza kwenda hadi 60 + 7 = 67. Kama wawili wameshafuata zile 20, ni 60 + 40 + 7 = 107. Baadhi ya meza huhesabu blaindi ndogo kama 5 ili kurahisisha, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa. Tamka "poti" kwa sauti kabla hujagusa pesa. Ukisogeza chipu moja kubwa bila kusema neno, itahesabiwa kuwa umefuata tu, na mkono wako mzuri (karata zako nne) utaingia kwenye poti ndogo yenye watu watano.

Sasa tazama kinachobaki. Kila mtu ana dola 500. Umepandisha hadi 67, aliyefungua peke yake akafuata: poti ni 141, na mna 433 kila mmoja, yaani mara 3 ya poti. Mkiwa na 1,000, kinachobaki ni karibu mara 6 na nusu. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na hapo ndipo wengi wanapokosea na jozi ya A.

Jozi ya A huja takriban mara moja katika mikono 39. Flopu inakupa A ya tatu mara 12 tu katika 100. Mara nyingine zote unabaki na jozi tupu, na mpinzani aliyefuata na J-10-9-8 anajua vizuri ulichoshika. A-A-7-2 isiyo na karata mbili za aina moja (kopa, shupaza na kadhalika) iko karibu nusu kwa nusu dhidi ya J-10-9-8 yenye shupaza mbili na kopa mbili. Kwa hiyo A-A kavu ipandishe tena pale tu mabaki yatakapokuwa madogo kiasi kwamba unaweza kuingiza zote kwenye flopu bila kufikiri. Kama mna 1,000 na wewe ndiye utakayesema kwanza, fuata tu. Inauma, lakini ni nafuu.

Mikono inayostahili ni ile ambayo karata zote nne zinasaidiana: A-A-J-10 yenye aina mbili-mbili, A-K-Q-J, K-Q-J-10, J-10-9-8, na K-K ikiwa na Q-J za aina zao. Ikiwemo karata moja yatima, kama 2 katika K-Q-J-2, umebaki na karata tatu, na wenzako wana nne. Aina inayoongozwa na A ina thamani ya pekee watu wakiwa wengi, kwa sababu flashi (karata tano za aina moja) ya 9 ikilipwa, mara nyingi imelipwa na flashi kubwa zaidi. Tena usipandishe na A-A peke yake mwaka mzima. Wenyeji wa meza hawachelewi kukusoma.

Waliofuata wakiwa wengi, poti inavimba haraka. Ukienda 107 na wote watatu wakafuata, katikati kuna 435, na mwenye 500 amebakiwa na 393. Hapo hakuna tena nafasi ya ujanja: nenda 107 ukiwa na mkono ulio tayari kumaliza pesa zote kwenye flopu. Stradli ya 10, yaani dau la hiari linalowekwa kabla ya kuona karata, nayo hupunguza kina (pesa zako zikilinganishwa na dau la kuanzia) kwa nusu, maana dola 500 zako sasa ni stradli 50 tu.

Ukipandishiwa wewe, uliyefungua kwa 20, kutoka 20 hadi 67, jibu la juu kabisa ni 208. Fanya hivyo na A-A endapo angalau theluthi ya pesa zako itaingia. Kwa 500 utabaki na 292 kwenye poti ya 423, na utazisukuma kwenye flopu yoyote. Kwa 1,000 utabaki na 792 na karata zako zimeshajulikana. Afadhali ufuate 67, uione flopu.