Kupima mbao za paa: kuanzia ukutani hadi kwenye msumeno

Ramani huja na milimita, duka la mbao linauza kwa futi, na fundi anaita vipimo kwa inchi. Mbao nyingi hukatwa fupi hapo hapo. Futi moja ni milimita 304.8, kwa hiyo mbao ya futi 12 ni mita 3.658, si 3.6, wala si "karibu mita nne". Fanya hesabu zote kwa milimita, na pima kila mbao dukani kabla haijapakiwa. Ncha iliyopasuka usiihesabu.

Kulabu ya tepu inayocheza kama milimita moja haijaharibika. Inacheza kwa kiasi cha unene wake, ili ukiinasa kwenye ncha ya mbao au ukiisukuma ukutani usome kipimo kilekile. Anayezigonga riveti zake ili "aikaze" ndiye anayeiharibu. Kama kulabu imepinda, anzia kwenye alama ya milimita 100 na uongeze 100 kwenye kipimo unachotaka. Ukisahau kuongeza, mbao inatoka fupi kwa sentimita 10 kamili. Alama nyekundu za kila inchi 16 kwenye baadhi ya tepu ni za fremu za nyumba za mbao za Marekani. Kwenye kenchi, yaani fremu za pembetatu zinazobeba paa, hazikuhusu.

Aliye juu ya ukuta na aliye kwenye msumeno watumie tepu moja. Tepu ya daraja la II, ile yenye II ndani ya duara la yai, inaruhusiwa kukosea milimita 1.3 kwenye mita 5, na mbili nzuri zinaweza kukosea kila moja upande wake.

Sasa tuchukue nyumba ya upana wa mita 6 na urefu wa mita 9, paa la miteremko miwili, kimo cha mgongo (mstari wa juu miteremko inapokutana) mita 1.5 juu ya kuta, na paa litoke nje ya ukuta sentimita 60.

Upana hupimwa nje kwa nje ya kuta. Kosa la kawaida ni kupima ndani ya chumba: kuta za tofali la sentimita 15 zinakula sentimita 30, na kila kombamoyo (mbao ya mshazari inayoshuka kutoka mgongoni hadi nje ya ukuta) linapungua karibu sentimita 13. Pima upana sehemu tatu, kisha pima pembe kwa pembe. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, nyumba haiko mraba. Hilo lirekebishwe kwa kamba na mbao inayolala juu ya ukuta, si kwa kukata kila kenchi kwa kipimo chake.

Nusu ya upana ni mita 3. Kipeo cha pili cha 3 ni 9, cha 1.5 ni 2.25, jumla 11.25, na kipeuo chake cha pili ni mita 3.354. Huo ni mteremko kutoka mgongoni hadi ukingo wa nje wa ukuta. Gawa 3.354 kwa 3 upate 1.118: kila mita ya usawa ni mita 1.118 ya mteremko. Sentimita 60 za nje zinakuwa 67.1, na kombamoyo zima linafika mita 4.025.

Bado. Ncha zote mbili zitakatwa wima, na kwenye mbao yenye kimo cha inchi 4 mkato huo wa mshazari unadai sentimita 5 zaidi. Unahitaji mita 4.075. Mbao ya futi 14 (mita 4.267) inatosha. Ya futi 12 haitoshi: bila kuunga, ingekuachia karibu sentimita 23 tu nje ya ukuta, na mvua ya upepo ingelowanisha plasta. Kama kenchi zina ubao wa mgongo wa inchi 1, punguza milimita 13 kila upande, zikipimwa kwa usawa na si kwa mteremko.

Idadi: kenchi zisiachane zaidi ya mita 1.2. Mita 9 ukigawa kwa 1.2 unapata 7.5, yaani nafasi 8, na nafasi 8 zinataka kenchi 9, makombamoyo 18. Anayehesabu nafasi badala ya kenchi hurudi dukani. Kwenye mita 9 toa unene wa mbao moja (milimita 50), ugawe kwa 8: milimita 1,119 kutoka katikati hadi katikati. Weka alama zote ukianzia kona moja, tepu ikiwa imenyooshwa: 1,119, halafu 2,238, halafu 3,356. Ukihama kutoka alama hadi alama na kukosea milimita 3 kila mara, ya mwisho itakuwa imehama milimita 24.

Kwenye kukata, chora alama ya V, ncha yake ikiwa ndiyo kipimo, kisha vusha mstari kwa guniya (kifaa cha kupimia pembe mraba). Msumeno upite upande wa taka, maana meno yake yanakula milimita 2 hadi 3. Ndiyo maana mbao ya mita 3 haitoi vipande vitano vya sentimita 60. Cha tano kitabaki na 58.8 hadi 59.2. Pima kimoja, kata, ndipo upime kingine.

Kata makombamoyo mawili, yakutanishe chini kwenye sakafu, pima upana kwenye miguu yake na kimo. Yakikaa sawa, andika MFANO kwenye moja na uchoree mengine 17 kutoka hilo hilo. Ukichorea kila moja kutoka lililokatwa mwisho, unene wa penseli pekee utaongeza milimita moja kila safari.

Vipande vya sentimita 15 hadi 19 vinavyobaki visichomwe. Vikatwe pembetatu vishikilie papi (mbao za kulala zinazopigiliwa bati) zisiteleze kwenye mteremko.